Shakwe wa Kahawia Hawajaondoka

Landi za Reli, Nakuru
Jumanne alasiri

Binti yangu Kageha,

Nimekimbia nyumbani. Mama yako amefungua sanduku lako kwa mara ya nne tangu asubuhi. Kila akilifungua hutoa kitu kimoja na kutia vingine viwili, na kila nikipita mlangoni ananiuliza mimi nina kazi gani katika nyumba hii. Basi nimechukua karatasi na kalamu nikashuka mpaka ziwani. Nimekaa juu ya debe nililolipindua, mji uko mgongoni na maji yako mbele yangu, nakuandikia. Upepo unapeperusha magadi, kwa hiyo ukiona barua ina vumbi jeupe usidhani ni unga wa mama yako. Hilo ni ziwa linakusalimu.

Kesho saa mbili asubuhi utapanda gari la moshi uteremke Mombasa, na huko utaingia melini kwenda Uingereza kusomea uuguzi na ukunga. Miaka minne. Habari za sweta, sabuni, kusali kabla ya kulala na kutopokea chakula cha mtu usiyemjua, mama yako ameshazisema na atazisema tena leo tukinywa chai. Mimi huko sina la kuongeza. Nina jambo moja tu, na ili nilifikishe lazima nianze na ndege, na kabla ya ndege lazima niungame uongo niliokuambia ulipokuwa mdogo.

Unalijua hili kovu kwenye kidole gumba changu. Uliniuliza ulipokuwa na miaka sita, nikakuambia niliumwa na injini. Ukaenda ukawatangazia watoto wote wa hizi nyumba za landi kwamba injini za reli zina meno, na kwa muda mrefu hakuna mtoto aliyethubutu kukaribia shedi, jambo ambalo wakubwa wa kazi walilifurahia sana. Haikuwa injini. Niliumwa na shakwe, tena mtoto.

Nilitoka Maragoli nikiwa na miaka kumi na minane. Jumapili ya mwisho nilisimama kanisani mbele ya watu wote nikatangaza kwamba nakwenda Nakuru kuwa karani wa reli. Hakuna aliyekuwa ameniuliza. Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la nne, nilijua kuandika jina langu kwa mikunjo ya kupendeza, na nilikuwa nimemwona karani mmoja stesheni ya Kisumu akiwa na koti jeusi na shati jeupe, akipiga muhuri kwenye karatasi kama mtu anayeua nzi. Nikasema kazi ni ile. Watu walinipigia makofi. Baba yangu mdogo Amugune alinipa blanketi lake jipya. Nyanya yako hakupiga makofi. Aliniambia, "Fika kwanza."

Nilifika. Kazi niliyoipata ilikuwa kuzoa majivu. Injini za siku hizo zilikula kuni, na kila iliyoingia shedi ilimwaga majivu yake shimoni, na mimi ndiye niliyeshuka humo na koleo. Ikifika jioni nilikuwa wa rangi moja kuanzia nywele hadi kucha. Nikaandika barua nyumbani: nimefika salama, nimepata kazi ya ofisini. Mwalimu wa kanisa alimsomea nyanya yako, na kwa kuwa sauti yake haijui kunong'ona, kijiji kizima kikasikia. Likaja jibu la furaha. Nyanya yako anaomba picha, nikiwa nimevaa koti.

Hapo ndipo nilipokwama. Picha ningeweza kuipata, maana palikuwa na Mhindi mwenye kamera karibu na soko. Koti ndilo sikuwa nalo. Nikajiambia nitajibu mwezi ujao, nikipanda cheo. Mwezi ujao ukawa mwaka, mwaka ukawa miaka mitatu, na kadiri siku zilivyopita ndivyo ile barua ilivyozidi kuwa nzito, kwa sababu sasa ilinipasa kueleza habari ya koti na kueleza habari ya kimya pia. Nikahama chumba cha watu wa kwetu, nikaenda kukaa na Wakamba wawili. Nikaacha kutumia jina la nyumbani, nikabaki na la ubatizo. Nikimwona mtu wa Maragoli sokoni, nainama kuchagua vitunguu ambavyo sivihitaji. Miaka sita, mwanangu. Sikuwa mgonjwa wala mfungwa. Nilikuwa na mikono miwili, na kalamu ilikuwepo.

Jumapili nilikuwa nashuka huku ziwani, kwa kuogopa kuonana na watu wa kwetu kanisani. Ndiko nilikokutana na Bwana Pinto, Mgoa, karani wa ofisi ya mizigo. Alikuwa na kila nilichokitamani duniani: koti jeusi, shati jeupe, muhuri. Tena alikuwa na darubini. Alikuwa ameketi juu ya kiti chake cha kukunja, na neno la kwanza aliloniambia lilikuwa matusi ya Kigoa. La pili lilikuwa, "Wewe! Simama! Wewe nafukuza ndege yangu!"

Nikasimama. Nadhani aliona sina pa kwenda, kwa maana baada ya dakika chache alinipa darubini nitazame. Tangu siku hiyo kila Jumapili tulikuwa wawili.

Nakuandikia aliyonifundisha, maana utayahitaji. Hapa ziwani kuna shakwe wa aina mbili. Wa kwanza ni mwenyeji, mdogo, kichwa cha kijivu, mdomo mwekundu na miguu myekundu, na haendi popote mwaka mzima. Wa pili ni mgeni. Huja mvua za vuli zinapoanza, na kabla masika hayajakolea ameshaondoka. Ni mkubwa kuliko mwenyeji, mgongo na mabawa meusi ti, kifua na kichwa vyeupe pe, mdomo wa njano wenye doa jekundu karibu na ncha, na miguu ya njano. Akisimama, mabawa yake ni marefu hata yanapita mkia. Ni ndege wa bahari, lakini amezoea safari za bara: anafuata mito na maziwa, anafuata Mto Naili, mpaka anatufikia. Hapa kwetu maji ni ya magadi na samaki ni wa shida, lakini hachagui. Anakula mizoga ya flamingo, anakula wadudu, anawanyang'anya ndege wadogo walichopata, na siku moja aliondoka na mkate wa nyama wa Bwana Pinto, karatasi na yote. Sisi wa shedi tulimwita karani, kwa ajili ya koti lake.

"Usianze na mgongo," Bwana Pinto alikuwa akinifokea. "Mgongo nadanganya. Jua ikipiga, nyeusi iko kijivu, kijivu iko nyeusi. Miguu kwanza! Mguu hapana danganya."

Basi nikawa bingwa wa miguu. Na hapo ndipo ugomvi wetu ulipoanza, kwa sababu kulikuwa na ndege wa tatu. Alikuwa na ukubwa uleule wa karani na mabawa marefu yaleyale, lakini alikuwa wa kahawia mwili mzima, ana madoadoa kama kuku wa kienyeji, mdomo mweusi, na miguu yake ilikuwa ya rangi ya ngozi ya kidonda kilichopona. Bwana Pinto alisema huyo ni mtoto wa karani. Mimi nikasema haiwezekani.

"Wewe mwenyewe umesema mguu haudanganyi," nikamwambia. "Mguu wa huyu si wa njano."

"Atapata njano baadaye!"

"Na mbona wazazi wakiondoka Machi, huyu anabaki? Mtoto gani anaachwa na wazazi wake ugenini? Huyu ni mwenyeji. Ni mwewe wa maji."

"Mwewe wa maji!" Bwana Pinto aliruka kutoka kwenye kiti chake. "Nani nafundisha wewe hii maneno?"

Tukawekeana dau la jogoo. Tulibishana miezi, mwanangu. Nilibishana kwa nguvu ambayo leo ndiyo naielewa. Sikutaka yule ndege wa kahawia awe mtoto wa mtu.

Januari moja, asubuhi, nikitoka zamu, nilimkuta mmoja wa kahawia ameanguka kando ya reli. Alikuwa amejigonga kwenye waya za simu, amezubaa, bawa moja limelegea. Nikavua shati nikamfunika, nikakimbia naye mpaka nyumbani kwa Bwana Pinto, kumwonyesha mwewe wangu wa maji kwa karibu. Nilipokuwa namfungua mlangoni ndipo aliponikata hiki kidole hadi nikaona nyota. Bwana Pinto hakunitazama hata kidogo. Alikuwa anatazama mguu. Kulikuwa na pete ya bati juu yake, imechorwa jina la mji na nambari.

"Mungu wangu," akasema. "Huyu iko na kipande, kama mtu ya kazi!"

Alimwandika kama alivyoandika mizigo, kila herufi mara mbili. Ndege alilala siku mbili katika banda la kuku la Bwana Pinto, akawatisha kuku wote hata wakaacha kutaga, kisha tukamrudisha ziwani, akaruka bila kusema asante. Bwana Pinto akatuma barua kule kwenye mji wa ile pete. Makarani weusi wakaondoka Machi kama kawaida. Wa kahawia wakabaki, nami nikamcheka Bwana Pinto kila Jumapili.

Jibu lilikuja Agosti. Bwana Pinto aliniita ofisini, akanisimamisha mbele ya meza kama mshitakiwa, akanisomea Kiingereza akikitafsiri kipande kwa kipande. Pete ilifungwa Finlandi, kaskazini kabisa, nchi ambayo wakati wa kiangazi jua halitaki kuzama. Ilifungwa juu ya mguu wa kinda ambaye hata kuruka alikuwa hajui, kwenye kisiwa kidogo cha mawe ambako shakwe hawa hutaga mayai yao matatu chini, katika majani, na mume na mke huyaatamia kwa zamu. Wazazi wa kinda huyo walikuwa weusi mgongoni, miguu ya njano. Yule mtoto alikuwa amevuka nusu ya dunia hata mwaka hajamaliza. Na aliyeandika alieleza kwamba shakwe hawa huvaa kahawia kwanza, na huchukua karibu miaka minne kupata mgongo mweusi, na kwamba wengi wao hawarudi kwao mwaka wa kwanza. Hubaki huku kusini mpaka wakomae.

"Mguu hapana danganya," Bwana Pinto akasema, akikunja barua. "Mguu iko chelewa tu. Yeye naogopa rudi kwao bila koti." Akacheka mpaka akakohoa. "Leta jogoo."

Nilileta jogoo. Lakini sikuweza kucheka naye, na yeye hakujua kwa nini.

Haikupita wiki mbili. Nilikuwa shimoni, injini ya kutoka Kisumu imesimama juu yangu, majivu yamenifika magotini. Mtia kuni wake, kijana mgeni wa kwetu aitwaye Luvai, akachungulia chini. Kikombe chake cha chai kikaniangukia begani.

"Wee! Wewe si Asava, wa kwa kina Amugune?"

Nilikuwa nimechoka kuinamia vitunguu. Nikasema ndiyo.

"Toka humo nikuone vizuri! Kwani hukufa?"

"Nife wapi?"

"Basi kimbia uwaambie, ndugu yangu," Luvai akasema, "kwa sababu wanakuzika Jumamosi."

Unaijua desturi yetu. Mtu akipotelea mbali na mwili wake usipatikane, hukatwa mgomba ukazikwa kwa niaba yake, ili roho yake isitangetange. Ng'ombe wawili wa Amugune walikuwa wamekufa mwaka huo, na wazee wakakaa wakaona ni mimi ninayewasumbua, nikidai kuzikwa. Mimi, niliyekuwa Nakuru muda wote huo nazoa majivu! Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Mimi kilio kilinifichua nikiwa mzima wa afya.

Nilikwenda kwa Bwana Pinto nikamweleza yote, tangu kule kanisani. Nilidhani atanicheka tena. Alivua koti lake akanipa, akaniandikia pasi ya safari kwa mkono wake, akapiga muhuri mara tatu ingawa mara moja ingetosha. "Nenda," akasema. "Mama yako naona picha sasa."

Nilivaa lile koti usiku kucha garini. Mama mmoja stesheni ya Londiani aliniita karani, nami nikamwitikia. Lakini nilipofika mtoni chini ya nyumba yetu, siku ya Jumamosi jua likiwa utosini, nililivua nikalikunja ndani ya mfuko. Nilibaki na shati langu la kazi, ambalo lilikuwa la kahawia kwa mafuta na majivu, na sabuni ilikuwa imelishindwa. Nilikuwa namfikiria yule shakwe mtoto wa banda la kuku. Nilitaka kama ni kupokelewa, nipokelewe mimi.

Nikapanda kilima. Watu walijaa uani. Shimo lilikuwa limechimbwa. Kando ya shimo ulilala mgomba umefungwa blanketi, na juu ya mgomba huo alikuwa ameketi nyanya yako, amenyoosha miguu mbele, amekunja mikono. Alikuwa amekaa hapo tangu alfajiri.

"Shemeji, inuka tumalize," Amugune alikuwa akimbembeleza. "Watu wana njaa."

"Wapeni chakula. Mimi siinuki," akasema nyanya yako. "Mtoto wangu ni mwongo, lakini si maiti."

Ndipo wakaniona. Akina mama walipiga kelele. Mzee mmoja alirudi kinyumenyume akatumbukia kaburini kwangu, na ikabidi vijana wawili wamvute. Nyanya yako hakusimama. Alinitazama kuanzia miguu, akapanda polepole mpaka kichwani, kama Bwana Pinto anavyotazama ndege.

"Umekula?" akaniuliza. Halafu akaanza kulia, na mimi pia nikalia, mbele ya kijiji kizima, na sikuona aibu hata kidogo. Nilikuwa nimeimaliza yote Nakuru.

"Koti liko wapi?" akauliza Amugune, ambaye hakuwahi kusahau blanketi lake.

"Sina koti," nikasema. "Mimi si karani. Nazoa majivu."

Nyanya yako akajifuta pua kwa kiganja. "Hata majivu," akasema, "huzolewa na mtu aliye hai."

Wazee walichinja kondoo wakanitakasa. Lakini shimo lilikuwa limeshachimbwa, na kaburi haliachwi wazi, kwa hiyo ule mgomba ulizikwa vilevile, na mimi nimesimama pale nautupia udongo. Sasa, kwa kuwa Amugune hakuwa mkulima wa ndizi, aliung'oa na mizizi yake badala ya kuukata. Ukaota. Zile ndizi tamu nyuma ya nyumba ya nyanya yako, ambazo kila likizo ulikuwa ukizililia, zimetoka kwenye kaburi la baba yako. Mama yako anajua. Alinikataza nisikuambie kwa sababu ungeacha kuzila, na wewe ulikuwa mwembamba.

Baadaye nilitoka kwenye shimo la majivu, nikamwoa mama yako, nikafundishwa kazi ya pointi, na ndiyo naifanya hadi leo. Navuta wenzo, reli zinahama, gari linakwenda linakokwenda. Ni kazi nzuri. Koti sijapata, isipokuwa la mvua.

Kageha, mwanangu, naogopa. Nimekuandikia haya yote nikicheka, lakini naogopa, na nitakuambia ninachokiogopa. Baridi na bahari nimemwachia mama yako. Mimi naogopa kwamba wewe ni mtoto wangu. Ulipoanguka mtihani wa darasa la nane mara ya kwanza, ulipotea wiki tatu. Tulikukuta Kabazi kwa shangazi yako, ukituambia umeenda kumsaidia kuvuna pareto. Shangazi yako hana pareto. Mumewe ni mpishi wa mzungu. Nilikuangalia ukidanganya, na ulidanganya vizuri sana, nami nikajiona nimeinamia vitunguu. Sikukuadhibu siku ile, na mama yako alinishangaa. Sikuwa na uso wa kukuadhibu.

Kabazi ningeweza kwenda kwa miguu. Huko unakokwenda siwezi. Na huko kuna siku utaanguka. Utapewa kazi ya kumwaga vyombo vya wagonjwa wakati sisi tumewaambia watu kanisani kwamba unasomea ukunga. Kuna mtu atakayekuongelesha vibaya kwa ajili ya rangi yako, na Kiingereza kitakukauka mdomoni. Siku hiyo utatafuta la kutuandikia usilipate, ukasema ngoja mwezi ujao, nikiwa na habari nzuri. Ninaujua huo mwezi ujao. Nilikaa ndani yake miaka sita.

Nilikuambia habari ya lile doa jekundu kwenye mdomo wa shakwe. Bwana Pinto alisoma mahali kwamba kinda akiwa na njaa huligonga doa hilo, na mzazi ndipo anapotema samaki aliyembeba tumboni. Asipogongwa, anaweza kusimama pale na shibe yake na mtoto akalala njaa mbele yake. Mimi na mama yako tuko hivyo. Tumebeba, lakini hatujui saa mpaka ugonge.

Kwa hiyo tufanye mapatano, mimi na wewe. Huko utawaona shakwe wengi. Kuna wakubwa wenye mgongo mweusi na miguu ya rangi ya waridi, hao si wetu. Kuna binamu wa karani wetu, mgongo wake ni kama sleti ya shule na miguu yake ni ya njano, huyo ni ndugu, msalimu. Na wapo wa kahawia kila mahali, kwa kuwa kila shakwe ana watoto. Siku utakayokuwa na habari nzuri, tuandikie kurasa nyingi, na mama yako atazisoma kwa majirani wote. Lakini siku usiyo na la kujivunia, usitafute maneno. Andika mstari mmoja: Baba, leo nimemwona wa kahawia. Basi. Tia sahihi upeleke posta. Mimi nitaelewa umeanguka, na nitajua u hai, na sitamwambia mtu kanisani. Nitakujibu siku hiyohiyo. Na kama ni mbaya mno hata unataka kurudi kabla ya miaka minne, bila cheti, bila kofia nyeupe, rudi. Njoo na nguo uliyo nayo.

Nyanya yako pia ametuma neno, kupitia kwa Luvai, ambaye siku hizi ni dereva na tumbo limemtoka. Anasema: "Mwambie Kageha aandike. Magoti yangu hayawezi tena kukalia mgomba."

Jua limeshuka kidogo na naona mama yako amemtuma mtu kunitafuta, kwa hiyo nimalize, nikutilie barua hii mkononi usiku huu. Wiki iliyopita nilikwenda kwa mkubwa wa stesheni kumwomba nibadilishiwe zamu ya kesho, nisimame na wenzangu kwenye platifomu nikupungie mkono kama wazazi wengine. Alikubali. Leo nimekaa hapa nikiwahesabu ndege. Weusi wameondoka wote, hata mmoja sijamwona. Watakuwa wanakwenda njia yako, na huenda ukawakuta huko mbele. Wa kahawia bado wapo, sita, wamesimama kwenye matope wakitazama upepo. Nimewatazama kwa muda mrefu, na sasa nikitoka hapa napitia stesheni kumwambia mkubwa kwamba nimebadili nia. Zamu ni yangu. Gari lako haliwezi kutoka Nakuru mpaka mtu avute ule wenzo, na mimi sitaki uvutwe na mkono mwingine.

Kwa hiyo kesho usinitafute platifomuni. Mkivuka shedi, tazama kulia, karibu na lile shimo la zamani la majivu. Nitakuwa nimevaa shati la kazi.

Ni mimi baba yako, niliyezikwa mara moja na sikupenda,
Asava

Nimesahau: darubini ya Bwana Pinto iko ndani ya soksi nene, chini kabisa ya sanduku. Aliniachia alipostaafu kurudi Goa, na sasa ni yako. Ili iingie ilinibidi nitoe ile sufuria ndogo ya mama yako, nimeificha nyuma ya banda la kuku, usimwambie mpaka meli iondoke. Kioo cha kushoto kina ufa. Tazama kwa cha kulia, na anza na miguu.